Kamba ya kupandia miti: ganda linahama, muuzaji anacheka

Nianze na kijana wa dukani, maana ndiye aliyenifanya niandike. Nilimpelekea kamba yake, nikamwonyesha ncha: ganda tupu (ule mfuko wa kusokotwa wa nje), karibu shibiri nzima, ndani hamna kiini, yaani zile nyuzi za katikati. Hata kuishika hakuishika. "Mzee, hii kamba ni ya mlima. Wewe unapanda miti." Akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Jamani! Hata Karl Prusik, ambaye fundo la msuguano, lile linalouma kamba ukilikalia, linaitwa kwa jina lake, alikuwa mpanda milima wa Austria, na alilitangaza mwaka 1931. Sisi wa miti tumekopa kwao. Na siku ya kununua, kijana huyo huyo aliapa kwamba kamba inafaa kazi yoyote. Laki kadhaa zangu alizipokea bila kuuliza napanda nini.

Napunguza matawi hapa Arusha, migrivea na mijakaranda zaidi. Kamba naipitisha juu ya tawi, upande mmoja naufunga kwenye mkanda, upande wa pili naushika kwa fundo la Blake: mizunguko minne, ncha inarudi kupita chini ya ile miwili ya chini. Hapo fundo linabeba kama nusu tu ya uzito wako. Yaani kamba haikuonewa.

Ilipokuwa mpya ilikuwa na utelezi wa kiwandani, fundo likawa linashuka lenyewe nikiwa bado nimening'inia karibu na ardhi. Nikailoweka kwenye maji matupu, nikaianika kivulini. Ikabadilika kabisa! Ukikaa, fundo linauma palepale; ukilibonyeza kidogo, unashuka taratibu. Wiki zile niliisifia mpaka vijana wangu wakachoka kunisikiliza.

Halafu ikaja siku ya mgrivea mmoja mrefu. Nashuka, msumeno kiunoni, katikati fundo likagoma. Halipandi, halishuki. Kutazama, chini ya fundo ganda limejikunja kama soksi iliyolegea, limetengeneza uvimbe ambao mizunguko haiwezi kuuvuka. Mwenye nyumba yuko chini ananiuliza kama nimeshamaliza, maana anataka kutoa gari! Ilinibidi nizungushe kamba fupi ya usalama kwenye shina, nihamishie uzito huko, nifungue fundo na kulifunga upya chini ya uvimbe. Mikono ilikuwa inatetemeka, kwa hasira zaidi kuliko woga.

Kinachotokea ni hiki: kila ukishuka, fundo linabana ganda na kulisukuma kuelekea chini, kiini kinabaki palepale. Kamba nzuri ganda lake limeshikana na kiini. Hii ina lebo ya EN 1891, kiwango cha Ulaya cha kamba zisizonyumbuka sana, na kiwango hicho kina kipimo chake cha ganda kuteleza, lisipite kikomo. Sasa ama lebo ni ya kubandika tu, ama mimi nina macho ya ajabu.

Basi usinunue. Lakini ngoja, nisiwe dhalimu. Nilikata lile ganda la ziada, nikaunguza ncha ili ganda na kiini vishikane, nikaacha Blake, nikafunga Distel, fundo jingine la msuguano, kwa kamba nyembamba ya pembeni. Mambo yakatulia. Uvimbe unajitokeza bado, ila mdogo, unapitika. Na kuna wenzetu wanaopanda kwa ile kamba ya bluu ya duka la vifaa vya ujenzi, ambayo ni polipropilini na huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, wakati nailoni huvumilia mpaka zaidi ya 200. Ukishuka haraka, msuguano ni moto kwelikweli. Kwa hao, hii ya kwangu ni neema. Nyota tatu.

Tatu? Kwa kamba ambayo kila jioni inabidi niipapase mita kwa mita kutafuta uvimbe? Moja. Kamba ingepata mbili, ila nyingine nampokonya yule kijana, ambaye juzi amenipigia, bila hata kuuliza habari za ile ya kwanza, kunieleza kwamba mzigo mpya umeingia na "safari hii ni ya miti kabisa, mzee".