Nizwa, Bahla na Jabrin kwa siku moja: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimezaliwa na kukulia Mji wa Kale. Ngome ya Yesu nimeipita tangu utotoni nikienda chuoni, kwa hivyo nilipokwenda Muscat, mji mkuu wa Oman, kumtazama shangazi yangu sikuwa na hamu ya ngome nyingine. Yeye ndiye aliyeshikilia twende bara. "Huwezi kurudi Mombasa hujaiona Nizwa," alisema, na wanawe wawili wakatutafutia gari na mwongozaji. Tulilipa riali 75 kwa gari zima, watu wanne, pamoja na tiketi za kuingilia, maji na kahawa. Chakula cha mchana tulijilipia.

Nianze na mwongozaji, maana yeye ndiye aliyeifanya siku. Ni mzee wa makamo, kazaliwa Muscat na wazazi waliotoka Pemba. Tulipomwamkia shikamoo akaitikia marahaba kwa Kiswahili safi cha visiwani, na tangu hapo tukawa tunamwita Ami. Waomani wanaosema Kiswahili ni wengi, lakini kuhadithiwa historia ya nchi hii kwa lugha yangu, na mtu anayejua pia historia ya kwetu, sikuwa nimekutarajia. Ukiagiza safari hii, uliza mapema kama wana mwongozaji wa Kiswahili.

Tuliondoka Ijumaa saa 11 alfajiri ili tuuwahi mnada wa mbuzi wa Nizwa. Ni kilomita kama 160, barabara nzuri inayopita katikati ya milima ya Hajar, milima mikavu isiyo na hata jani. Mnadani wauzaji huzunguka duara na mbuzi wao wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wamejipanga ndani na nje ya duara. Ukimtaka mbuzi, unamsimamisha mwenyewe, unamkagua meno, mnapatana. Kufika saa 3 mambo yameshapoa, kwa hivyo usikubali kuondoka Muscat umechelewa.

Ngome ya Nizwa ilijengwa na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi, mtawala wa Oman wa wakati huo, katikati ya karne ya 17, na inasemwa kazi ilichukua miaka 12. Huyu ndiye aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mnara wake wa duara ni mnene ajabu, na sehemu yake ya chini imejazwa udongo na mawe ili mizinga isiubomoe. Ngazi za kupandia juu ni nyembamba na zina kona, na kila mlango una tundu juu yake. Ami alitueleza kuwa asali ya tende iliyochemka ilimwagwa humo kwa adui aliyefika mlangoni. Kisha akatupeleka kwenye ghala la tende: magunia yalipangwa juu ya sakafu yenye vifereji, uzito wa yale ya juu ukayakamua ya chini, na asali ikatiririka hadi mtungini. Mke wangu alisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Tulisali Ijumaa Nizwa, tukala wali na nyama, kisha tukapita Falaj Daris, mfereji wa maji unaonywesha mashamba ya mitende. Ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watoto walikuwa wanaogelea humo. Maji hugawanywa kwa zamu, na zamani saa zake zilipimwa kwa jua mchana na kwa nyota usiku.

Ngome ya Bahla ni kubwa mno, ya udongo, na nayo imo kwenye orodha ya UNESCO tangu 1987. Ndani ni vyumba vitupu na maelezo machache. Bila Ami tungezunguka tu.

Kutoka Bahla ndipo mambo yalipoharibika. Dereva alitusimamisha kwenye duka la fedha na manukato ambalo halikuwa kwenye ratiba, na tukakaa karibu saa nzima. Tulipofika jumba la Jabrin zilibaki dakika 50 pafungwe. Hili limeniuma hasa, kwa sababu Jabrin ndiyo iliyokuwa moyo wa safari.

Jabrin aliijenga Imamu Bil'arab bin Sultan, mwana wa yule wa Nizwa. Dari zake za mbao zimechorwa maua na maandishi ya Kiarabu, na rangi bado zipo. Kuna chumba wanachokiita cha Jua na Mwezi chenye madirisha 14, saba juu na saba chini, hewa ya moto inatokea juu na ya baridi inaingilia chini. Nje jua linachoma, mle ndani unapumua. Chini kabisa limo kaburi la Imamu mwenyewe. Ami alitusimamisha hapo akatueleza kuwa Bil'arab alizingirwa ndani ya jumba hilihili na ndugu yake, Saif bin Sultan, akafia humo mwaka 1692. Halafu akanigeukia: "Huyo Saif unamjua, mwanangu. Ndiye aliyewatoa Wareno kwenu."

Ni kweli. Majeshi ya Saif yaliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 mpaka ikaanguka Desemba 1698. Mwaka huo nimeukariri shuleni, nimewatajia wageni mara ngapi sijui, na siku zote Saif kwangu lilikuwa jina tu. Pale nilikuwa mbele ya kaburi la nduguye, na baba yao ndiye mwenye mnara tulioupanda asubuhi. Nilitaka kuuliza mengi, mlinzi akaanza kufunga milango.

Niliwaandikia kampuni kuhusu lile duka. Walijibu baada ya siku mbili wakaomba radhi, pesa hawakurudisha. Hata hivyo kaka yangu anakwenda Muscat mwezi ujao na nimeshamwambia aagize safari hiihii, amwombe Ami mwenyewe, aandikiwe kwenye ratiba kuwa hakuna maduka. Na kama hajali mbuzi, aanzie Jabrin asubuhi.