Kifaa cha kusikilizia nyimbo zako: cha kwanza hadi cha mwisho, kwa mnunuzi wa Kisumu

Kabla hujashuka Oginga Odinga Street na pesa mfukoni, hesabu nyimbo ulizo nazo. MP3 ya kiwango cha kilobiti 128 kwa sekunde hula kama megabaiti 1 kwa dakika; ya 320 hula karibu 2.4. Benga ya dakika nane, basi, yaweza kufika megabaiti 19, na bado kadi ya gigabaiti 32 itabeba zaidi ya 1,500 za namna hiyo. Wengi wetu hatuhitaji kadi kubwa kuliko hiyo.

Ninachokiweka mbele ni simu ya Android iliyotumika, yenye nafasi ya memori kadi, isiyotiwa laini. Inatafuta wimbo kwa jina, inapanga kwa msanii, na programu ya bure kama Musicolet inafanya kazi bila intaneti na kukuonyesha folda zako jinsi ulivyozipanga. Udhaifu wake ni betri. Mwambie muuzaji aiache iimbe nusu saa, kioo kikiwa kimezimwa, nawe utazame chaji inavyoshuka.

Cha pili ni kicheza MP3 kidogo chenye kioo na vitufe. Ukiwa shambani au umebanwa ndani ya matatu ya Kondele, kidole kinakipata kitufe bila kutoa kitu mfukoni. Vingi vya bei nafuu, hata hivyo, husoma kadi za hadi gigabaiti 32 zilizofomatiwa kwa mpangilio wa FAT32. Kadi ya 64 huja na mpangilio mwingine, exFAT, nacho kitakuambia hakuna kadi.

Kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, naiweka ya tatu kwa sababu ya chaji tu; kutafuta wimbo mmoja kati ya mia nane kwa kushuka mstari baada ya mstari kunachosha. Redio ya flashi ni ya nne, nayo ni nzuri jikoni. Nyingi hucheza kwa mfuatano ulionakilia faili, si kwa alfabeti, kwa hiyo nakili folda moja baada ya nyingine. iPod iliyotumika ni ya mwisho. Apple iliacha kuzitengeneza mwaka 2022, betri zimezeeka, hazina pa kuweka kadi.

Kadi yenyewe ndiyo inayoniuma zaidi. Niliwahi kununua iliyoandikwa gigabaiti 128. Nyimbo zilionekana zote kwenye orodha, lakini kuanzia mahali fulani zilikuwa kimya tupu. Kadi ya namna hiyo hudanganya ukubwa wake, na kila kinachozidi nafasi halisi hupotea. Siku hiyo hiyo uliyonunua, ipime kwa kompyuta ukitumia programu ya H2testw, ambayo huijaza yote kisha ikasoma tena. Usifute nyimbo kwingine kabla ya hapo.

Kisha kuna majina yaliyoandikwa ndani ya faili, na hapa hata simu nzuri haikusaidii. Ukiwa na “D.O. Misiani”, “DO Misiani” na “Shirati Jazz”, yaani mwanabenga mmoja na bendi yake, kifaa kitaona wasanii watatu. Mp3tag, programu ya bure kwenye Windows, hurekebisha faili mia kwa mkupuo. Kaseti za baba yangu zilipohamishwa ziliitwa zote Track 01, Track 02. Naketi naye Jumapili jioni, wimbo unaanza, yeye anataja jina, mimi naandika. Tumefika 140.