Borrow au lend? Shida inaanzia kwenye "azima" yetu

Jamani hii ya borrow na lend inatusumbua wengi na mi naona siyo uzembe, ni kwamba kwa vitu Kiswahili chetu kina neno azima, linaenda huku na huku. "Nimeazima baiskeli" maana yake nimechukua, "kaniazima baiskeli" maana yake kanipa, neno ni lilelile na tunaelewana vizuri tu. Kiingereza hakikubali hivyo.

Borrow ni ya anayechukua, lend ni ya anayetoa. Juzi mdogo wangu kaniletea daftari, kaandika "borrow me your pen", nikamwambia hapo unamwambia mwenzio akuchukue wewe! Sema "lend me your pen", au kama unataka borrow basi geuza ujiweke wewe mwanzo, "can I borrow your pen?" Mi hii ya pili naipenda zaidi, ina adabu, hasa ukiongea na mkubwa.

Ukichanganyikiwa kabisa kimbilia kwenye hela, maana huko Kiswahili kinatenganisha, kukopa ni borrow, kukopesha ni lend. Mi hii ndo ilinikaa kichwani.

Vineno vya nyuma navyo angalia, borrow inaenda na from, "I borrowed it from Asha", lend inaenda na to, "I lent it to Asha". Na ni lent, siyo lended, hiyo haipo.