Kühnhackl au Draisaitl: nani mkubwa zaidi?

Wajerumani wapenzi wa hoki ya barafuni wana majina mawili. Erich Kühnhackl, jitu la karibu mita mbili, alicheza zaidi katika klabu za Ujerumani za Landshut na Köln. Msimu wa 1979/80 alikusanya pointi 155 (mabao pamoja na pasi za mabao) katika mechi 48, na mwaka 1976 pale Innsbruck aliisaidia Ujerumani Magharibi kutwaa shaba ya Olimpiki.

Leon Draisaitl, mzaliwa wa Köln, alichaguliwa wa tatu na timu ya Edmonton ya Kanada mwaka 2014, klabu za NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, zilipogawana wachezaji chipukizi. Msimu wa 2019/20 aliongoza NHL kwa pointi 110 na kutajwa mchezaji bora, Mjerumani wa kwanza kufika hapo. Mtazame timu pinzani ikipungukiwa mtu kwa sababu ya adhabu: anasimama upande wa kulia, chini kabisa, karibu sambamba na mlingoti wa goli. Pembe ni finyu mno, lakini kisahani cha mpira kinachochezewa kikimfikia anakichapa bila kukituliza, na kipa hata hajageuka.

Kombe la Stanley, taji la bingwa wa NHL, bado limemponyoka. Fainali za 2024 na 2025 alizipoteza zote mbele ya Florida. Hata hivyo mimi namchagua yeye, kwa sababu anafunga dhidi ya walinzi bora duniani, usiku baada ya usiku.