Gari la kale linatetemeka: uliendeshe au upime?

Kulijaribu barabarani gharama yake ni mafuta tu. Mtetemo ukianza, toa gia na uliache liserereke: ukiendelea, shuku magurudumu, propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) au difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), ukikoma, rudi kwenye injini na maunting zake (vishikizo vyake vya mpira). Ila makalio hayatofautishi tairi na propela.

Hapo programu ya simu ya kupima mitetemo inashinda: inaonyesha mitetemo mingapi kwa sekunde, nawe unalinganisha na mizunguko ya kila kifaa. Tairi la kipenyo cha sentimita 66, kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, huzunguka kama mara 13.4 kwa sekunde. Propela, difu ikiwa 4 kwa 1 (propela mizunguko minne, tairi mmoja), mara 54 hivi. Spidomita ya zamani ikidanganya (na hudanganya!), hesabu imeharibika.

Ndiyo kwanza unaanza? Liendeshe. Umeshabalansi magurudumu mara mbili bila nafuu? Pima.