Kuhifadhi mashine za nyasi wakati wa kiangazi: huduma ya karakana moja mjini Tabora

Mwezi Mei nilipeleka mashine mbili za shule ambayo natunza viwanja vyake, ile ya kusukuma na ile ya kubeba begani, kwenye karakana moja hapa Tabora mjini ili ziandaliwe kabla ya kuwekwa stoo. Mvua za Novemba zimekwisha kunyesha na mashine zote zimerudi kazini, hivyo naweza kuieleza huduma ile kwa haki.

Vitabu vinavyokuja na mashine hizi huagiza maandalizi hayo kwa ajili ya majira ya baridi, kwa kuwa viliandikwa kwa watu wa nchi za theluji. Kwetu nyasi hukomeshwa na jua, na kuanzia Mei hadi Oktoba mashine hukaa bila kuguswa, lakini kinachoziharibu ni kile kile: petroli iliyosahaulika ndani. Miaka miwili iliyopita niliifungia mashine stoo ikiwa na nusu tangi. Mvua ziliporudi nilivuta kamba asubuhi nzima bila mafanikio, na kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ilipofunguliwa ilikutwa na utando wa kahawia unaonata kama ulimbo. Nyasi ziliwafika watoto magotini kabla haijapona.

Ndiyo maana safari hii nilisimama karibu na fundi. Hakuridhika na kumwaga petroli ya tangi. Aliiacha injini ingurume mpaka ikazimika yenyewe, kisha akafungua kikombe cha chini ya kabureta na kunionyesha tone lililobaki, lenye punje ya kutu ndani yake. “Hili, mzee wangu, ndilo lingekusumbua Novemba,” alisema, akalifuta. Oili aliimwaga injini ingali na joto, maana oili ya moto hushuka pamoja na uchafu wake. Alichomoa plagi inayotoa cheche za kuwasha injini, akatia kijiko kimoja cha oili safi kwenye silinda, akavuta kamba taratibu ili ipake kuta za ndani.

Kisu alikinoa kwa tupa, akakitundika kwenye msumari kupitia tundu lake la katikati, na upande mmoja uliposhuka akaunoa tena mpaka kikatulia sawa. Kazi hii naithamini kuliko zote, kwa sababu kisu kilichoelemea upande mmoja huitikisa mashine nzima na kulegeza bolti zake. Mwishoni alikipaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa na oili kuzuia kutu, na nta katika mkoa wa asali kama wetu haitafutwi mbali.

Hata hivyo, siku mbili nilizoahidiwa zilikuwa tano. Chujio la hewa la sponji lilikung’utwa tu, nikalazimika kulifua mwenyewe kwa sabuni, na bomba la moshi liliachwa wazi ilhali nyigu wanaojenga kwa udongo hupenda matundu ya namna hiyo. Nililiziba kwa kitambaa chekundu, ili nisisahau kukitoa.

Novemba nilitia petroli mpya, na ile ya begani nikaichanganyia oili mililita 20 kwa kila lita kama kitabu chake kinavyoelekeza. Ile ya kusukuma iliwaka nilipovuta mara ya pili, ikatoa moshi mweupe kidogo wakati oili ya kwenye silinda ikiungua, kisha ikatulia. Mei ijayo nitazirudisha pale pale, na nitaomba chujio lifuliwe mbele yangu.