Leith Hill na Box Hill kwa baiskeli: uzoefu wangu kwenye vilima vya Surrey

Nianze na jibu, kwa anayesoma akiwa tayari stesheni. Mzunguko wa kutoka Dorking, mji wa Surrey kusini mwa London, ukapitia Ranmore, Abinger Hammer na Leith Hill, ukamalizia Box Hill, ni mzuri kuliko nilivyoambiwa. Njia naipa nyota tano. Baiskeli niliyokodi naipa mbili, na nitaeleza sababu, maana kilichonikuta kinaweza kumkuta mgeni yeyote.

Nimekulia Shinyanga. Kwetu baiskeli inabeba maji, mkaa, magunia ya mpunga na abiria, na nchi ni tambarare. Unakanyaga Phoenix isiyo na gia tangu asubuhi na jioni bado una miguu. Niliposoma kwamba kilima kirefu kuliko vyote Surrey, yaani Leith Hill, kina mita 294 tu, nilijua siku itakuwa nyepesi. Ndugu msomaji, usiipime nchi hii kwa urefu wa vilele. Hapa hupandi mara moja ukamaliza. Unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila mita uliyoihangaikia unaipoteza kwenye mteremko unaofuata. Jioni ukijumlisha ulichopanda, unakuta umepanda kilima kile kile mara mbili tatu.

Aliyenipeleka ni shemeji yangu, mume wa dada, ambaye anazijua njia hizi miaka mingi. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano. Tulipanda treni Wimbledon, tukateremka Dorking, na baiskeli zetu zikasafiri nasi bila tatizo. Siku za kazi, saa za watu kwenda na kutoka kazini, usithubutu: treni za London hazipokei baiskeli saa hizo isipokuwa zile za kukunja.

Sasa baiskeli. Niliikodi siku moja kabla kwa pauni 45, kwenye duka ambalo sitalitaja. Maelezo yao yalisema ni baiskeli ya mbio, nyepesi, "inafaa vilima". Nyepesi ilikuwa kweli, unaiinua kwa mkono mmoja. Shemeji aliinama pale pale stesheni, akaishika gia ya nyuma na kuanza kuhesabu meno kwa kidole.

"Shemeji, hii kubwa yao ina meno 25. Umekodi baiskeli ya tambarare."

Kwa asiyejua: gia kubwa ya nyuma ndiyo gia ya mlima. Meno yakiwa mengi, padeli inakuwa laini na mguu unazunguka bila kulazimishwa. Baiskeli yake shemeji ilikuwa na meno 32. Tofauti ya meno saba unaisikia kwenye goti, na mimi niliisikia siku nzima. Ukienda kukodi, usiulize kama baiskeli ni nyepesi. Uliza gia ya nyuma ina meno mangapi. Wakikujibu chini ya 30, omba nyingine, au nenda duka jingine. Hilo peke yake lingeniokoa.

Duka pia lilinitumia ramani ya njia kwenye simu, na pembeni waliandika "wastani". Neno hilo halikunisaidia kitu. Shemeji alikuja na ramani ya karatasi ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ile ya Explorer namba 146 inayoonyesha Dorking, Box Hill na Reigate, na ndiyo iliyotuongoza kweli. Kontua tulizozisoma shuleni ziko pale, moja kila mita tano. Zikibanana ujue kuna kazi. Lakini kitu kilichonifurahisha ni vimshale vidogo vinavyochorwa juu ya barabara. Kimshale kimoja maana yake mwinuko ni kati ya asilimia 14 na 20. Viwili, umezidi asilimia 20. Ncha inaelekea kunakoshuka. Ukishavijua, unaikunja ramani mfukoni na unajua wapi utateseka kabla hujafika.

Kutoka Dorking tulipanda kwanza Ranmore Common. Mpando ni wa kuamsha misuli, kivuli kingi, na juu kuna kanisa lenye mnara mrefu uliochongoka. Hapo sina la kusema zaidi. Baada ya hapo unateleza juu ya mgongo wa North Downs hadi White Down, na hapo uwe makini. Ni mteremko mkali, mwembamba, una kona, na miti imefunika mpaka huoni gari linalokuja. Shika breki zote mbili, ya nyuma ianze, na kaa kushoto. Kushoto ni kama nyumbani, hilo angalau halihitaji kujifunza upya.

Katikati ya mteremko tairi langu la nyuma lilianza kuyumba. Pancha. Tuliingia kwenye mdomo wa lango la shamba, nikageuza baiskeli miguu juu, nikapapasa tairi taratibu kwa kidole gumba hadi nikaguswa na kitu. Kipande cha gumegume, lile jiwe gumu lenye makali, cheusi, chembamba kama ukucha wa mtoto, kimezama chote kwenye mpira. Nilikitoa kwa ncha ya funguo. North Downs ni vilima vya chaki, na ndani ya chaki kuna gumegume. Mvua ikinyesha linasombwa hadi kandokando ya barabara, pale pale mwendesha baiskeli anapopita. Tulikuwa na tyubu mbili za akiba na pampu, tukatumia dakika kumi na tano. Duka halikuwa limenipa hata kiraka.

Abinger Hammer ni kijiji kidogo kwenye barabara kubwa ya A25. Magari ni mengi kwa kipande hicho, ila ni kifupi. Jina linatokana na nyundo za kufulia chuma zilizokuwa zikiendeshwa na maji ya mto Tillingbourne, na juu ya barabara kuna saa yenye sanamu ya mhunzi anayegonga kengele kila saa inapotimia. Tulisubiri dakika sita ili tumwone akigonga. Subirini na nyinyi.

Kisha Holmbury St Mary, halafu Forest Green, na hapo ndipo Leith Hill inapoanza ukitokea kusini.

Nataka kukaa kidogo kwenye kilima hiki. Kila mtu akizungumzia baiskeli Surrey anaitaja Box Hill. Leith Hill wanaitaja kwa kupita. Mimi nasema ni kinyume. Ni kilomita mbili hivi, lakini hazina mpangilio: inapanda kwa nguvu, inakulegezea mita mia unafikiri umefika, kisha inapanda tena kwa nguvu zaidi. Huwezi kupata mwendo. Na meno yangu 25, nilikuwa nikisimama juu ya padeli, naizungusha mara moja, navuta pumzi, naizungusha tena. Mnyororo ulikuwa unalia. Pembeni maua ya buluu yametanda chini ya miti kama zulia, na harufu ya kitunguu saumu mwitu inatoka kwenye unyevu wa bonde. Nilikuwa naona na kunusa vyote hivyo kwa sababu mwendo wangu ulikuwa wa mtu anayetembea.

"Shuka tu usukume, shemeji, hakuna ubaya," aliniambia akiwa mbele.

Nilishuka mara moja, nikasukuma mpaka kona, nikapanda tena. Njiani unaipita Leith Hill Place, nyumba aliyoishi dada yake Charles Darwin, na baadaye mtunzi wa muziki Ralph Vaughan Williams akalelewa humo. Kileleni kuna mnara uliojengwa mwaka 1765 na Richard Hull, ambaye alizikwa chini yake. Mnara uko mbali kidogo na lami, kwa hiyo unafunga baiskeli na kutembea kwenye njia ya mchanga. Viatu vya kubana padeli havifai hapo, beba vingine vyepesi. Chai na keki zinauzwa kwenye kidirisha cha mnara. Mnara huo umeipandisha Leith Hill juu ya futi 1,000, na ukisimama pale kusini kote ni mashamba na miti hadi macho yachoke.

Kurudi Dorking kupitia Coldharbour ni zawadi. Barabara imezama kati ya kingo za mchanga zilizo ndefu kuliko mtu, mizizi ya miti imening'inia juu ya kichwa, na mwanga unaingia kwa vipande. Ila lami ina mashimo, na ukitoka kwenye jua ukaingia kivulini huyaoni. Vua miwani ya jua kabla hujaanza kushuka.

Box Hill tuliiacha mwisho, na ninashauri kila mtu afanye hivyo. Zig Zag Road ni kilomita 2.5, mwinuko wa wastani wa asilimia 5, lami laini, na kona zake zinakupa nafasi ya kupumua. Hata miguu iliyochoka inaiweza. Umaarufu wake uliongezeka kwa Olimpiki ya 2012: wanaume waliizunguka mara tisa, Vinokourov wa Kazakhstan akachukua dhahabu, na siku iliyofuata Marianne Vos wa Uholanzi akashinda upande wa wanawake kwenye mvua. Katika timu ya Uingereza siku ile ya wanaume alikuwemo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza mbio za baiskeli kwa David Kinjah kule Kikuyu. Nilipokuwa kona ya pili nilimfikiria Kinjah kuliko Froome. Mtu alikaa kijijini kwake akifundisha watoto baiskeli, na mmoja wao akafika hadi kwenye kilima hiki.

Juu kuna mgahawa wa National Trust, shirika linalotunza maeneo ya asili na ya kihistoria, choo na maji. Nje yake baiskeli zimeegeshwa kwa makumi.

Kuhusu magari: tangu Januari 2022 kanuni za barabara Uingereza zinamtaka dereva akuachie angalau mita moja na nusu anapokupita. Wengi walifanya hivyo, hata kwenye vichochoro walingoja nyuma bila honi. Wawili hawakufanya. Vaa rangi ya kuonekana, na kwenye njia nyembamba usijibanze ukingoni. Ukijibanza unamwalika dereva apite pasipo nafasi.

Duka niliwaandikia jioni ile ile, nikawatumia picha ya gia na ya kile kipande cha gumegume. Walijibu baada ya siku nne, wakanirudishia pauni 15, na maneno "inafaa vilima" bado yapo kwenye tangazo lao. Ndiyo maana nimewapa nyota mbili.

Nimeshanunua baiskeli yangu, ya mtumba, meno 34 nyuma na matairi mapana ya milimita 28. Tumepanga na shemeji tuizunguke njia hii kinyume, ili White Down tuipande badala ya kuishuka. Tyubu safari hii nabeba tatu.